Tunahesabiwa kwa Lugha Gani? Idadi ya Watu, Uchumi na Lugha katika Tanzania



1.0 Utangulizi

Katika mihadhara ya aina hii mwanaisimu hutarajiwa kuzungumzia sauti, maumbo na sentensi, na kuwaachia wachumi na wanademografia habari za watu na mapato yao. Leo naomba idhini yenu nivuke mpaka huo. Lugha haina maisha yake nje ya watu wanaoisema. Watu hao huzaliwa, huhama, hutafuta riziki na hufa, na kila moja ya hatua hizo huacha alama katika lugha.

Tanzania huhesabiwa miongoni mwa nchi zinazoendelea. Mwanafunzi wa mofolojia ataona mara moja kwamba kitenzi "endelea" kimejengwa juu ya mzizi -end-, ukafuatwa na viambishi vya kutendea, na kwamba maana yake ya msingi ni kuzidi kusonga mbele. Neno lenyewe halisemi tunakwenda wapi. Wala halisemi nani yumo safarini na nani ameachwa njiani. Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha mhadhara huu.

Hoja yangu ni kwamba ongezeko la watu, uhamaji na mabadiliko ya uchumi vimebadili kabisa mazingira ya lugha nchini tangu Uhuru, lakini mipango yetu ya lugha, hasa katika elimu, bado imesimama juu ya picha ya nchi ya zamani. Aidha, nitadai kwamba hatuwezi kuirekebisha picha hiyo kwa sababu hatujihesabu kwa namna inayotuwezesha kuiona.

2.0 Tunavyoongezeka

Tangu Muungano wa mwaka 1964 nchi yetu imefanya sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya kwanza ilionesha watu wapatao milioni 12.3. Sensa ya mwaka 2002 ilionesha watu milioni 34.4, ya mwaka 2012 milioni 44.9, na ya mwaka 2022 ikaonesha watu 61,741,120. Kwa maneno mengine, katika miaka 55 idadi yetu imekuwa mara tano. Kati ya mwaka 2012 na 2022 ongezeko lilikuwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo idadi ya watu huongezeka maradufu katika kipindi cha miaka 22 hivi.

Ongezeko hili lina sababu mbili kubwa zinazofanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni kupungua kwa vifo, hasa vya watoto, kutokana na chanjo, huduma za afya na udhibiti wa malaria. Ya pili ni kwamba uzazi umepungua, lakini kwa mwendo wa taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa wastani wa watoto zaidi ya 6. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionesha wastani wa 4.8. Matokeo yake ni taifa changa kwa umri: zaidi ya watu 4 katika kila 10 hawajatimiza miaka 15.

Wachumi huwatazama watoto hawa kwa dhana ya utegemezi, yaani idadi ya midomo inayolishwa na kila jozi ya mikono inayofanya kazi. Mtazamo huo ni halali. Mwanaisimu lakini huongeza swali jingine: watoto hawa wote wanajifunza lugha gani majumbani, na jamii itawafundisha maarifa kwa lugha gani?

3.0 Maneno kama mashahidi

Kabla ya kulijibu swali hilo, tuwaite mashahidi. Msamiati wa Kiswahili umehifadhi kumbukumbu ya mabadiliko ya uchumi wetu kwa uaminifu ambao wakati mwingine haupatikani katika majedwali.

Shahidi wa kwanza ni neno "manamba". Ndilo jina walilopewa vibarua wa mkataba katika mashamba makubwa, hasa ya mkonge, wakati wa ukoloni. Asili yake ni namba: mfanyakazi aliandikishwa na kujulikana kwa namba yake. Watu walitoka Kigoma, Tabora, Songea na hata nje ya mipaka, wakakutana Tanga na Morogoro. Hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa. Kiswahili ndicho kilichowawezesha kupokea amri, kudai ujira, kuoana na kuzikana. Uchumi uliowageuza watu kuwa namba ndio pia uliowapa lugha ya kusemezana.

Shahidi wa pili ni "kijiji". Neno hili ni la zamani, lakini katika miaka ya 1970, sera ya vijiji vya ujamaa ilipowahamisha mamilioni ya watu, lilipata maana mpya ya kiutawala: mahali penye uongozi, shule na zahanati, na penye mkutano uliopaswa kuendeshwa kwa Kiswahili. Kampeni za elimu ya watu wazima na Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuhusu elimu ya msingi kwa wote vilifuata njia hiyohiyo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya namna watu walivyohamishwa, na wengi walihamishwa bila hiari yao. Lakini hawezi kukana kwamba hatua hizo zilikifikisha Kiswahili mahali ambapo biashara ya misafara haikuwahi kukifikisha.

Shahidi wa tatu ni "daladala", neno lililozaliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Usafiri wa umma ulikuwa umezidiwa, magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa nauli ya shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Neno hilo linashuhudia jiji lililokua haraka kuliko uwezo wa mashirika yake.

Shahidi wa nne ni "machinga". Wamachinga ni jamii ya watu wa Lindi. Vijana wa kusini walipokuja Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi, jina la jamii yao likageuka kuwa jina la kazi. Leo machinga anaweza kuwa Mchaga, Mgogo au Msukuma. Katika semantiki huu ni upanuzi wa maana. Katika sosholojia ni taarifa ya kiuchumi: vijana wanaingia mjini kwa wingi kuliko ajira rasmi, na katika soko hilo lisilo rasmi kabila si utambulisho wa kwanza tena.

4.0 Kijiji huzaa, mji hubadili lugha

Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na wakazi wapatao 270,000. Mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Nchini kote, sehemu ya watu waishio mijini imepanda kutoka takribani asilimia 6 mwaka 1967 hadi asilimia 23 mwaka 2002, na karibu asilimia 35 mwaka 2022. Mtoto anayezaliwa mjini na wazazi wa makabila mawili tofauti kwa kawaida hukua akisema Kiswahili kama lugha yake ya kwanza. Kwa hiyo ule usemi wa vitabu vya zamani, kwamba kwa Mtanzania wa bara Kiswahili ni lugha ya pili, haumhusu tena kila mtu.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhitimisha kwamba nchi nzima imekuwa ya lugha moja. Utafiti huohuo wa mwaka 2022 ulionesha kwamba mwanamke wa mjini huzaa wastani wa watoto 3.6, na wa kijijini 5.5. Kwa hiyo, miongoni mwa watoto wanaozaliwa, sehemu ya watoto wa vijijini ni kubwa kuliko sehemu ya vijiji katika idadi ya watu wote. Mwanza, penye Wasukuma wengi, ulikuwa mkoa wa pili kwa wingi wa watu mwaka 2022. Wapo watoto wengi wanaoingia darasa la kwanza na lugha ya nyumbani ambayo si Kiswahili, mbele ya mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine.

Tunashuhudia basi mikondo miwili kwa wakati mmoja. Mji unazalisha wazawa wa Kiswahili, na kijiji kinaendelea kuzalisha wazawa wa lugha za jamii, ambazo Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 ilizionesha kuwa zaidi ya 100. Baadaye uhamaji huwachukua wengi wa hao wa pili na kuwapeleka kwa wa kwanza. Sera inayotazama mkondo mmoja tu itakosea kuhusu watoto wa mkondo mwingine.

5.0 Mlango mwembamba, umati mkubwa

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika miaka yote ya shule ya msingi ya umma, na Kiingereza kikabaki lugha ya sekondari na vyuo. Mpangilio huo uliwekwa wakati sehemu ndogo sana ya watoto ilivuka kwenda sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike pia katika ngazi za juu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini desturi ya madarasa ya sekondari haikubadilika.

Kilichobadilika ni idadi. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shule za sekondari za kata zikajengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004. Na tangu mwaka 2016 elimu hadi kidato cha nne hutolewa bila ada. Kile kilichokuwa mlango mwembamba wa wateule sasa hupitwa na umati. Kigezo cha lugha kilichotumika kuwachuja wachache sasa kinawagusa watoto wa kila tabaka, na wengi wao hukaa miaka minne wakinakili ubaoni maneno wasiyoyaelewa.

Wenye kipato wamepata njia yao. Tangu miaka ya 1990 shule binafsi za msingi za mchepuo wa Kiingereza zimeongezeka, na mzazi anayemudu ada humnunulia mwanawe miaka ya maandalizi. Hatuna sababu ya kumlaumu mzazi huyo. Anasoma soko la ajira kama lilivyo. Lakini yatupasa tuone kwamba lugha imekuwa mojawapo ya njia ambazo utofauti wa kipato wa kizazi kimoja hurithishwa kwa kizazi kinachofuata. Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliiorodhesha Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Swali la nani amepanda pamoja na nchi haliwezi kujibiwa bila kuitaja lugha ya darasani.

6.0 Swali linalokosekana katika dodoso

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sensa ndiyo daftari la taifa. Katika sensa za karibuni karani amewauliza watu kama wanajua kusoma na kuandika, na kama ni kwa Kiswahili, Kiingereza, zote mbili au lugha nyingine. Hilo ni swali la kisomo. Karani hakuuliza ni lugha gani husemwa nyumbani.

Sababu ya ukimya huo inaeleweka na inastahili heshima. Sensa ya mwaka 1967 iliuliza kabila. Zilizofuata hazikuuliza tena. Taifa lililokuwa likijijenga halikutaka kuwapangia watu mafungu ambayo kesho wanasiasa wangeyafanya ngazi ya kupandia. Majirani zetu wametupa mifano ya kutosha ya hatari hiyo, na mimi siungi mkono kurejeshwa kwa swali la kabila.

Lakini lugha si kabila. Mifano ya machinga na manamba imekwisha kutuonesha hivyo. Mtoto wa Kinondoni mwenye babu Mpare na bibi Mmakonde husema Kiswahili, na swali la lugha lingemhesabu hapo alipo, si alikotoka babu yake. Afrika Kusini huuliza katika sensa lugha inayosemwa zaidi nyumbani, na majibu hayo hutumika katika mipango ya elimu na huduma. Kwetu, swali lingeruhusu kutaja lugha zaidi ya moja, maana kaya nyingi zina lugha ya bibi na lugha ya mjukuu.

Faida zake si za wanaisimu peke yao. Wizara ingejua ni wilaya zipi zinahitaji walimu wa darasa la kwanza wanaoifahamu lugha ya jamii. Zahanati ingejua ni lugha gani itamfikia mama mjamzito ambaye hakupita shuleni. Nasi tungejua ni lugha zipi hazisemwi tena na watoto, kabla hazijanyamaza kabisa.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba uzazi, uhamaji na riziki vimekifanya Kiswahili lugha ya kwanza ya mamilioni bila kuzifuta lugha nyingine, na kwamba mfumo wa elimu uliobuniwa kwa taifa la watu milioni 12 haujajiuliza upya sasa tulipozidi milioni 60. Kwa utaratibu wa miaka kumi, sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2032. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa iliyopita atakuwa anamaliza shule ya msingi wakati matokeo ya sensa hiyo yatakapokuwa yanachambuliwa. Wanafunzi mlioko hapa mtakuwa walimu wake, wachumi wa wilaya yake na watayarishaji wa dodoso. Nawaombeni mwanze sasa kuliandaa swali hilo moja, mlijaribu vijijini na mijini, na mlipeleke kwa wanaohusika likiwa na ushahidi, si malalamiko.