Goti Lililovimba na Picha Isiyosema Yote: Mhadhara wa Umma, Ndosho, Goma

Magoti ya Ndosho yana kazi nzito. Mwenye chukudu, kigari cha mbao cha kubebea mizigo, hupiga goti moja juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye ubao na kusukuma kwa mguu wa pili, viazi au makaa yakiwa yamerundikwa mbele yake. Motari, dereva wa pikipiki, hukatiza juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na vijana hucheza mpira kwenye kokoto hizohizo nyeusi. Goti likijipinda na kuvimba, majeruhi hupigwa eksirei, au radio kama wanavyoiita wenyeji. Daktari akisema mifupa ni mizima, jamaa nzima hushusha pumzi.

Mara nyingi ni mapema mno.

Gegedu la goti lina unene wa milimita chache tu. Hufunika ncha ya mfupa wa paja, kichwa cha muundi na upande wa ndani wa pia ya goti. Asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake ni maji yaliyonaswa katika wavu wa kolajeni. Halina neva, kwa hiyo huweza kuchanika bila kuuma. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo haliungi kama uungavyo mfupa. William Hunter, tabibu Mskoti, aliandika London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na dawa ya kulirudisha gegedu katika uzima wake wa awali haijapatikana hadi leo.

Mionzi ya eksirei hulipita gegedu bila kuacha alama. Mashine ya IRM, inayopiga picha kwa sumaku, huyatumia maji yale yale ya gegedu. Sumaku ya tesla 1.5, yenye nguvu takriban mara 30,000 ya ile ya dunia, huvipanga viini vya haidrojeni vilivyomo ndani ya maji. Mawimbi ya redio huvitikisa, na vinaporejea mahali pake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Mwanakemia Paul Lauterbur alipochapisha picha zake za kwanza za aina hiyo mwaka 1973, alichokuwa amepiga ni mirija midogo ya maji. Yeye na mwanafizikia Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Katika picha ya IRM majimaji ya goti hung'aa na gegedu huwa la kijivu, hivyo ufa hujichora kwa mstari mweupe. Mfupa uliopondeka kwa ndani huonekana pia, na hiyo ni dalili ya kawaida kano ya msalaba ya mbele inapokatika. Takriban nusu ya waliokatika kano hiyo hukutwa na usagikaji wa goti ndani ya miaka 10 hadi 20. Mchezaji aliyeumia akiwa na miaka 20 atakuwa bado na watoto wa kusomesha. Hata hivyo IRM hukosa baadhi ya michubuko ya juujuu. Kamera ndogo ya upasuaji huiona vizuri zaidi.

Goma ina tahadhari yake. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako madaktari wa upasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wamekuwa wakisaidia kwa miaka mingi, ilifurika majeruhi waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025. Majeruhi wa vita mwenye kipande cha chuma mwilini hawezi kuingizwa kwenye sumaku hivihivi: kikiwa karibu na jicho au mshipa mkubwa, kinaweza kusogea na kumdhuru. Hapo eksirei hutangulia, kutafuta chuma.

IRM hutaka umeme usioyumba, heliamu ya baridi kali na mtaalamu wa kuisoma picha. Pale ambapo haipo karibu, kumtuma kila mwenye goti bovu safari ndefu kuitafuta ni kuwafilisi watu bure. Wanaostahili kutangulizwa ni wale ambao goti lilivimba ndani ya saa chache, linakwama likikunjwa, au linawaangusha wakigeuka. Vipimo vya mkono wa daktari huwatambua wengi wao, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja yanaweza kuanza uvimbe ukipungua, wakati familia ingali inachanga nauli.