Goti la panya na goti letu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba wa Masisi na Walikale)



Tumerudi kwenye milima yetu, na mizigo ni ile ile: makala, kuni, bidoni za maji. Magoti yanalia, na wengi tunameza kompirime kila asubuhi ili tupande tena.

Mujue dawa hizo zinatafutwa namna gani. Wataalamu wanachoma panya sindano yenye kuharibu gegedu la goti, kisha wanaangalia kama dawa inamufanya akanyage vizuri. Lakini goti lake linaharibika kwa wiki chache, letu kwa miaka. Na panya habebi gunia.

Kulikuwa dawa moja, tanezumabu. Ilituliza maumivu kwa wanyama, hata kwa watu. Lakini mwaka 2010 Marekani ilisimamisha majaribio, juu viungo vya wagonjwa fulani viliharibika mbio. Yalianza tena; mwaka 2021 washauri 19 kati ya 20 hawakuona kwamba faida inashinda hatari. Kampuni ya Pfizer ikaacha.

Fundisho ni hili: maumivu kunyamaza si goti kupona. Diklofenaki na ibuprofeni pia zinatuliza tu, na kila siku zinaweza kuumiza tumbo na figo. Usizichanganye, uliza munganga.

Ombi langu: feza ya afya isiishie kwenye dawa. Tununue chukudu za pamoja, tugawanye mizigo, na bazee wasibebe peke yao.