Kulinda mikono wakati wa kusugua kutu

Maneno ya leo ni juu ya mikono yenu.

Katika Katanga mvua hushika karibu na mwezi wa 11. Kabla yake kila mtu hutoa jembe, panga na shoka, naye huona kutu imekula chuma. Kutu lazima iondolewe, maana jembe lenye kutu ni zito katika udongo, tena huchosha mwili. Lakini mtu akiumia mkono wakati ule, nani atalima shamba lake? Jembe likivunjika utanunua lingine. Mkono haununuliwi.

Sokoni wanauza nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotana kama sufu ya kondoo. Wanawake huzijua kwa kusugua sufuria. Zinaondoa kutu vizuri, lakini zina hatari yake. Uzi mmoja ni mwembamba kama unywele, nao hukatika upesi. Kipande kikiingia katika kidole hukaa ndani kama mwiba, kisha kidole huvimba na kutoa usaha.

Mtu mmoja atasema: «Mikono yangu ni migumu, mimi ni mkulima tangu utoto.» Ni kweli, kiganja ni kigumu. Lakini katikati ya vidole na chini ya kucha ngozi ni laini, na huko ndiko uzi unakoingia.

Basi fanyeni hivi:

1. Jioni pakeni kutu mafuta ya mawese, mkaache mpaka asubuhi. Kutu italainika, wala vumbi lake halitaruka sana.

2. Vaeni ganti za ngozi. Mkizipata kwa mtu wa kazi ya mashimo, ziwe safi. Ganti zilizoloa asidi msizivae kabisa.

3. Asiye na ganti achukue gunzi la mahindi au kipande cha mti, azungushe nyuzi juu yake, ashike mti. Vidole visiguse chuma.

4. Fungeni jembe juu ya gogo lisitembee. Panga lisuguliwe kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, wala si kinyume chake. Vidole visipite juu ya makali.

5. Msipulize vumbi kwa mdomo, maana litaingia machoni. Lifuteni kwa kitambaa chenye maji.

6. Mkimaliza, kausheni chuma na kukipaka mafuta, kutu isirudi upesi. Nyuzi zilizochakaa zifukieni mbali na mahali watoto wanapocheza. Nyuzi mpya ziwekeni mbali na moto, kwa sababu nyuzi hizi nyembamba hushika moto.

Tena, msiondoe kutu kwa asidi ya batri wala asidi ya viwanda vya shaba. Inakula kutu, ndiyo, lakini inakula mkono na macho pia.

Uzi ukiingia katika ngozi, osha mkono kwa maji safi na sabuni. Pitisha sindano katika moto, ingoje ipoe, kisha toa uzi. Usitie kidonda udongo wala mavi ya ng'ombe. Uzi ukiingia ndani sana, au ukiingia jichoni, usichokoe wala kusugua. Nenda dispanseri siku ile ile.

Watu husema kutu huleta pepopunda. Sivyo. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na jembe hushinda humo. Kidonda kidogo chenye kina chawatosha kuingia. Mara nyingi ugonjwa huonekana baada ya siku 3 hadi 21, wakati kidonda kimekwisha kusahauliwa: taya hukaza, shingo na mgongo huwa kama mti. Wengi hufa. Lakini chanjo yake iko. Ulizeni dispanseri kama mmechanjwa, msingoje mpaka muumie.

Basi shikeni maneno matatu: mafuta kwanza, mti au ganti katikati ya mkono na chuma, na chanjo kabla ya mvua. Mkifanya hivi, jembe litang'aa, na mikono ya kulishika itakuwa mizima.