Mtunzi na Mwimbaji: Historia Fupi ya "Ol' Man River"

Wimbo huu ulitungwa na Jerome Kern, maneno yakiwa ya Oscar Hammerstein II, kwa ajili ya tamthilia ya muziki *Show Boat* iliyofunguliwa New York Desemba 1927. Jules Bledsoe ndiye aliyeuimba kwanza jukwaani humo. Bing Crosby akaurekodi mwaka 1928 kwa mwendo wa dansi. Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyesoma Kiswahili London katika miaka ya 1930, aliuimba katika filamu ya 1936 kwa sauti ya kuli aliyechoshwa na maisha. Baadaye, katika matamasha yake, aliyageuza maneno: kuli yule akawa mtu asiyeacha mapambano. Lahani haikuguswa. Hivyo, mtunzi huzaa wimbo, lakini mwimbaji aweza kuupa msimamo.