Kumwandaa Fundi Sanifu wa Viwanda vya Bioteknolojia: Tuanzie Kwenye Tangi la Kahawa

Mada kwa walimu wa sayansi, wazazi na wanafunzi wa sekondari, Mbozi Mission

1. Utangulizi



Mwanafunzi wa Mbozi anayefanya vizuri Baiolojia na Kemia huambiwa akasomee udaktari, uuguzi au ualimu. Zote ni kazi njema. Leo naomba tuongeze nyingine, ambayo nchi yetu inaihitaji na bado haijatajwa vya kutosha huku kwetu: fundi sanifu wa kiwanda cha bioteknolojia. Hoja yangu ni hii: kazi hiyo imejengwa juu ya nidhamu ya usafi, kupima na kuandika ukweli, na nidhamu hiyo tunaweza kuifundisha hapa hapa Mbozi kabla kijana hajapanda basi kwenda chuoni.

2. Kazi yenyewe

Katika kiwanda cha bioteknolojia, viumbe hai kama bakteria, hamira au seli ndivyo vinavyotengeneza bidhaa. Hivyo ndivyo zinavyopatikana chanjo nyingi, insulini na mbolea hai. Mfano wa nyumbani uko Kibaha, mkoani Pwani. Kiwanda cha Tanzania Biotech Products Limited, kilicho chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), kilijengwa kwa teknolojia ya kampuni ya Labiofam ya Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kikiwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 za dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwa mwaka. Mmoja wa bakteria wanaotumika, Bacillus thuringiensis israelensis, hutengeneza fuwele za protini. Kiluwiluwi akizila, fuwele hizo huyeyuka tumboni mwake na kuuharibu utumbo, naye hufa kabla hajawa mbu. Kibaha hiyo hiyo, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huzalisha chanjo za mifugo, ikiwamo ya kideri cha kuku.

Tumtazame fundi sanifu akiwa kazini. Mbegu ya bakteria hutoka kwenye kichupa kilichohifadhiwa kwenye baridi kali, huoteshwa kwenye chupa ya maabara, huhamishiwa tangi dogo, kisha tangi kubwa. Vyombo, mabomba na chakula cha bakteria husafishwa kwanza kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzijoto 121 za Selsiasi, kwa dakika 15 au zaidi. Kisha fundi hulinda joto, hewa, mapovu na pH, usiku na mchana. Huchota sampuli na kuitazama kwa hadubini. Akikuta kimelea kisichotakiwa, tangi zima linaweza kumwagwa. Kila kipimo hukiandika saa ileile na kutia sahihi. Akikosea, hukata kwa mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, kisha huandika kipimo sahihi, tarehe na jina lake. Katika viwanda vya dawa na chanjo, kazi isiyoandikwa huhesabiwa kuwa haikufanyika.

3. Darasa tulilo nalo

Mkulima wa Mbozi anaishi na bioteknolojia kila msimu. Kahawa mbivu ikishamenywa, punje hubaki na utelezi, nasi huzivundika kwenye tangi ili bakteria na hamira wauvunje utelezi huo. Joto likiwa juu kazi huenda haraka. Hali ya hewa ikiwa ya baridi, huchelewa. Anayejua kazi huchota punje, huziosha na kuzisugua viganjani: zikikwaruza bila kuteleza, zimeiva. Zikipitiliza, hutoa harufu mbaya na bei huanguka.

Hapo pana somo zima. Tuwape wanafunzi ndoo mbili za kahawa iliyomenywa, kipimajoto, karatasi za pH, saa na daftari. Ndoo moja ikae kivulini, nyingine mahali penye joto zaidi. Wapime kila baada ya saa mbili, waandike walichokiona na wala si walichokitarajia, kisha wachore grafu. Wataona pH ikishuka kadiri tindikali inavyoongezeka. Wakishajua kwamba kazi hii hufanywa na viumbe hai, wataelewa kwa nini ndoo chafu iliyobaki na punje za jana huharibu kahawa ya leo. Kanuni hiyo ndiyo inayomfanya fundi wa Kibaha asafishe tangi kwa mvuke.

Vilevile tusisahau kituo cha Mbimba cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), kilicho wilayani kwetu. Makao makuu ya taasisi hiyo yako Lyamungu, Kilimanjaro, ambako maabara ya kukuzia mimea ndani ya chupa huzalisha miche ya kahawa chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Anayekuza mche ndani ya chupa, mbali na vimelea, anatumia mikono na nidhamu ileile.

4. Njia ya masomo

Si lazima kuanza na shahada. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi anaweza kujiunga na kozi za sayansi na teknolojia ya maabara katika vyuo vinavyosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, akapanda kutoka ngazi ya 4 hadi stashahada ya ngazi ya 6. Jirani yetu mkubwa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Kwa shahada, vipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kukopesha wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada. Wazazi, ulizeni mapema kozi zipi zimo.

Cheti peke yake hakitoshi. Mafunzo kwa vitendo ndiyo yanayomtofautisha fundi na msomaji wa vitabu. Anayekwenda kiwanda cha bia, cha maziwa au cha dawa hujifunza zamu, usafi wa mabomba na utunzaji wa kumbukumbu, na ujuzi huo anahama nao.

5. Mapendekezo

(a) Walimu waanze zoezi la ndoo mbili msimu huu wa kahawa, na daftari za vipimo zisahihishwe kama mtihani.

(b) Vyama vya msingi vyenye mitambo ya kuchakata kahawa viwapokee wanafunzi wakati wa mavuno.

(c) Shule ziombe ziara Mbimba, na wasichana wapewe nafasi sawa ya kushika vifaa.

(d) Mwanafunzi asiadhibiwe kwa kuandika jibu lisilotarajiwa. Aadhibiwe kwa kubuni jibu.

6. Hitimisho

Samaki mkunje angali mbichi. Kijana aliyezoea kughushi vipimo vya maabara ya shule, kesho atakabidhiwa tangi la chanjo watakayochanjwa watoto wetu. Vifaa ninavyoviomba havizidi ndoo, kipimajoto, karatasi za pH, saa na daftari. Walimu wenzangu, msimu wa kumenya kahawa usipite tena kabla wanafunzi wetu hawajapima na kuandika.