HOTUBA YA KAMATI YA VIFAA: TUPIME KISU KABLA YA KUTOA FEDHA

(Ilisomwa kwenye mkutano wa wanachama, Tosamaganga. Imenakiliwa hapa kwa wale ambao hawakuhudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama!

Mlitutuma tutafute visu vya kukunja vya kubebeshea miche ya parachichi. Msimu uliopita tulinunua visu vya kung'aa, bei poa. Mnakumbuka yaliyotupata: makali yalilala, vikonyo vikachanika badala ya kukatika, miche mingi ikakauka, na mwenzetu mmoja kisu kilimfungia kidole. Kosa ni letu. Tulitazama mpini, hatukutazama kisu.

Safari hii tumekwenda kwa mhunzi. Yeye anayo mabapa aliyokwisha kuyafua kutoka springi za magari. Mnunuzi anachagua mpini na kusema anataka makali ya namna gani. Basi bei inapandishwa na mambo mawili: uimara na urembo. Fedha ya chama ilipie uimara. Tutapima hivi:

1. Chuma. Springi ni chuma kizuri, lakini bapa halishiki makali mpaka lipashwe moto hadi sumaku isilivute, lizimwe kwenye mafuta, kisha lipashwe tena kidogo lisije likavunjika. Kwa ruhusa ya mhunzi, pitisha tupa karibu na shina la bapa. Ikiteleza, chuma kimekomaa. Ikila, ni laini.

2. Pini. Fungua kisu, shika bapa kwa mgongoni, tikisa kushoto na kulia. Kikicheza kingali kipya, mwakani itakuwaje?

3. Kufunga. Kikikunjwa, bapa likae katikati, na ncha isichomoze, maana kinakaa mfukoni. Kikifunguliwa, gandamiza mgongo wa bapa juu ya gogo, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, hicho tukirudishe hapo hapo.

4. Mpini. Uwe wa mti mkavu, kama mninga. Mti mbichi hunywea, na riveti hulegea.

Wazee wanakifahamu kisu cha Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika. Siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Mpini wake una nakshi za mwezi na nyota. Lakini nyota haikati kitu! Kazi inafanywa na bapa linalonoleka upesi, na ile springi ya mgongoni inayolizuia lisijikunje mpaka uvute pete.

Sasa bei. Tuchukue mfano: kisu cha shilingi 5,000 kikafa msimu mmoja, na cha shilingi 15,000 kikafanya kazi misimu 6. Hiki cha pili ni shilingi 2,500 tu kwa msimu. Tena pini ikilegea, mhunzi yupo, ataigonga. Kile cha kung'aa tulimpelekea nani?

Tunapendekeza tununue visu 3 kwanza, tuvifanyie kazi mwezi mzima kitaluni, ndipo tuagize vilivyobaki. Mwenye kutaka nakshi aongeze fedha yake mwenyewe.

Usione vyaelea, vimeundwa.

Ushirika hoyee!