Uwanja Imara Huanza Chini ya Kitofali

Maelezo kwa wenye nyumba wa Ruanda, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Siku hizi nyumba nyingi za wilaya hii, kuanzia mjini Mbinga hadi njia ya Kitai kwenda Lituhi, zinatandikwa vitofali vya zege mbele ya mlango na kwenye njia ya gari. Wengi wetu tunaviita pevingi. Ni jambo jema. Uwanja uliotandikwa vizuri hauna tope wakati wa masika wala vumbi wakati wa kiangazi. Gari hupita, watoto hucheza, na wageni hukaa barazani bila kuchafuka. Lakini ni kazi inayomeza fedha nyingi kwa mara moja, na kwa kaya za wakulima fedha hizo mara nyingi ni za msimu mzima wa kahawa. Uwanja ukititia baada ya masika ya kwanza, kaya haina msimu wa pili wa kuurudia, kwa kuwa msimu huo tayari una ada za shule na mbolea ya shamba.

Neno letu kuu ni moja. Anayelipia uwanja hanunui vitofali peke yake; ananunua kilicho chini ya vitofali na njia ya maji. Mambo hayo mawili hufunikwa siku kitofali cha kwanza kinapolazwa. Kwa hiyo wakati wa kukagua ni kabla ya kufunika, na wakati wa kuafikiana ni kabla ya kulipa.

Baridi yetu na baridi ya wengine

Vijana wetu hujifunza kazi hii kwa kutazama video za mafundi wa Kanada au Ujerumani, ambako uwanja huchimbwa kwa kina kikubwa. Sababu yao ni barafu. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takribani asilimia 9. Yakiganda ndani ya udongo huuinua udongo pamoja na vitofali, na yakiyeyuka huacha matope na mashimo. Ndiyo maana wenzetu hao huweka tabaka nene la kokoto lisilohifadhi maji.

Baridi ya milima ya Umatengo mwezi Juni na Julai ni kali kwa mwili, lakini haigandishi ardhi. Hata Kitulo, wilayani Makete, ambako sakitu huonekana asubuhi juu ya majani, udongo wa chini haugandi kwa kina. Kwa hiyo hatuna sababu ya kulipia kina cha Kanada. Hata hivyo, baridi yetu ina madhara mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua.

Kwanza, zege hukomaa polepole kunapokuwa na baridi. Kitofali kilichofyatuliwa Julai mlimani hakiwi na nguvu kwa haraka kama kilichofyatuliwa Novemba kule Mbamba Bay. Muda unaotumika kupimia nguvu ya zege ni siku 28. Wakati wa baridi ni busara kusubiri zaidi. Katika siku 7 za mwanzo, angalau, vitofali vifunikwe kwa turubai au nailoni na vimwagiwe maji visikauke, kwa maana upepo mkavu wa kiangazi hunyonya maji ambayo saruji inayahitaji ili ishikamane. Muulizeni mfyatuaji tarehe ya kufyatua, nayo iandikwe kwenye risiti.

Pili, ukungu na kivuli huleta utelezi wa kijani juu ya vitofali. Uwanja usio na mwinamo, ambao maji hutuama juu yake, huota utelezi huo mapema, na wanaoanguka ni wazee na watoto. Dawa yake ni jua, ufagio na mwinamo sahihi.

Adui ni maji

Wamatengo hawahitaji mgeni awafundishe habari ya maji kwenye mteremko. Kilimo cha ngolo kinajulikana mbali na hapa: majani hufyekwa na kupangwa kwa miraba, udongo hufunikwa juu yake, na katikati hubaki shimo linaloyakamata maji ya mvua ili yasikimbie na udongo. Katika ngolo, maji husimamishwa. Katika uwanja wa vitofali ni kinyume: maji yasipewe nafasi ya kusimama, juu wala chini, ila yaongozwe taratibu hadi mahali yatakapofaa.

Mwinamo unaotosha ni sentimita 2 kwa kila mita 1, kutoka ukutani kwenda nje. Uwanja wa urefu wa mita 10 uwe umeshuka sentimita 20 mwishoni. Hilo hupimwa kwa mpira wa maji, kifaa ambacho kila fundi anakifahamu. Mwenye nyumba asimame pale wakati wa kupima, aone kwa macho yake. Uso wa vitofali pia ubaki chini ya usawa wa sakafu ya ndani, ili maji yasiingie chumbani.

Maji yakifika mwisho wa uwanja yapokelewe na mtaro, na mtaro uyapeleke kwenye migomba au shimo la kunyonya maji lililo mbali na msingi. Yasielekezwe kwa jirani wa chini. Uwanja wa udongo hunywa sehemu ya mvua, lakini wa vitofali huitoa karibu yote, na ugomvi mwingi wa majirani huanzia hapo.

Tabaka tatu zinazofichwa

Tabaka la kwanza ni udongo wenyewe. Udongo wa juu wenye mizizi na mbolea uondolewe wote, kwa kuwa huoza na kubonyea. Udongo mwekundu wa mlimani hushindiliwa ukawa imara. Udongo mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, uchimbwe zaidi na kubadilishwa. Kwenye mwambao, ambako ardhi ni mchanga mtupu, jambo la kuangalia zaidi ni kingo, kwa maana mchanga usiozuiliwa pembeni hukimbia.

Tabaka la pili ni moramu au kokoto zilizochanganyika, kubwa kwa ndogo. Kwa baraza la kukalia na njia ya miguu, sentimita 10 zilizoshindiliwa zinatosha kwa kawaida. Kwa gari dogo, ziwe 15 hadi 20. Zisimwagwe zote kwa pamoja, bali kwa tabaka za sentimita 10 hivi, kila moja ikishindiliwa kwa mashine kabla ya inayofuata. Mashine ikipita juu ya rundo nene, hukaza uso tu na kuacha chini kukiwa kulegevu. Moramu iwe na unyevu wa kiasi: mkiifumbata kwenye kiganja ishikamane, lakini isitoe maji. Kazi ikikamilika, gari lenye mzigo likipita juu yake lisiache alama ya tairi. Likiacha alama, vitofali visilazwe.

Tabaka la tatu ni mchanga wa kulalia, wa sentimita 3. Baadhi ya watu hutumia mchanga mwingi ili kuficha mabonde ya moramu. Huko ni kuahirisha tatizo, kwani penye mchanga mwingi ndipo vitofali vitakapotitia. Mchanga uwe safi. Jazeni nusu chupa angavu kwa mchanga, ongezeni maji, itikiseni, kisha iacheni itulie kwa saa kadhaa. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando. Likikaribia sehemu ya kumi ya kimo cha mchanga, ukataeni. Mchanga wa Ziwa Nyasa hauna chumvi, kwa kuwa ziwa letu ni la maji baridi, lakini kuuchimba ufukweni hovyo hula ardhi ya wanaoishi pale. Ununueni mahali panaporuhusiwa.

Pembeni pote uwanja uzungukwe na kingo za zege zilizosimikwa imara. Vitofali hubebana kwa kubanana. Ukingo mmoja ukihama, mstari wa kwanza hulegea, kisha wa pili, hata uwanja wote ukaachana. Mwisho, mchanga mkavu na laini hufagiliwa kwenye nafasi za kati, ambazo ziwe za milimita 2 hadi 5, na mashine hupitishwa tena ili ushuke ujae. Kazi hiyo irudiwe mpaka nafasi zijae kabisa.

Kitofali chenyewe

Kwa watembea kwa miguu na gari dogo, unene wa sentimita 6 unafaa. Mahali malori yatakapoingia na kugeuza, kama ilivyo kwa baadhi yetu tuliopo karibu na machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka au kwenye maghala ya kahawa, unene uwe sentimita 8, na tabaka la moramu liwe nene zaidi. Njia ya gari ipangwe kwa mtindo wa mkeka, vitofali vikikatana, ili tairi linapofunga breki lisivisukume vyote upande mmoja.

Mnunuzi anaweza kujipimia. Gonganisheni vitofali viwili: kilichokomaa hutoa mlio mkali, kichanga hutoa mlio mzito. Kwaruzeni kwa msumari: kisimong'onyoke kama unga. Kisha pimeni kimoja kwenye mizani kikiwa kikavu, kilazeni ndani ya maji siku nzima, kipanguseni na kukipima tena. Viwango vya Ulaya kwa nchi za barafu haviruhusu kitofali kunywa maji zaidi ya asilimia 6 ya uzito wake. Kitofali chenye kilo 2.7 kisiongezeke zaidi ya gramu 160 hivi. Sisi hatuna barafu, lakini kitofali kinachokunywa maji mengi ni dhaifu popote kilipo.

Hesabu kabla ya oda

Tuchukue uwanja wa mita 6 kwa 10, yaani mita za mraba 60. Vitofali vya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba. Vinahitajika 3,000, pamoja na nyongeza ya asilimia 5 kwa vinavyokatwa na kuvunjika, jumla 3,150. Moramu ya sentimita 15 iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 9. Kwa kuwa hupungua ikishindiliwa, agizeni 11 hivi. Mchanga wa kulalia ni mita za ujazo 1.8. Gari la mchanga lisipokelewe kwa jina la "lori moja". Pimeni urefu, upana na kimo cha mzigo kwa futi kamba, zidisheni, ndipo mlipe.

Makubaliano na malipo

Mafundi wawili wakitaja bei tofauti sana, tusikimbilie ya chini. Mara nyingi tofauti hiyo ni moramu na mashine ambavyo mmoja amevihesabu na mwingine ameviacha. Tukiwanyima kazi mafundi waaminifu kwa sababu hiyo, tunawafundisha wote kuficha. Kila fundi aandike bei kwa vipengele: kuchimba, moramu na unene wake, mashine, mchanga, kingo, vitofali, ufundi. Hapo ndipo bei hulinganishwa kwa haki.

Mkataba uwe wa maandishi, wenye mashahidi wawili, na malipo yafuate hatua: vifaa vikifika na kuhesabiwa, tabaka la moramu likishashindiliwa na mwinamo kupimwa, vitofali vikishalazwa. Asilimia 10 ya ufundi ibaki mkononi mwa mwenye nyumba hadi mvua kubwa ya kwanza ipite na maji yaonekane yanakwenda yalikoelekezwa. Nasi wenye nyumba tulipe siku hatua inapokamilika, kwa maana fundi naye ana familia.

Daini risiti kwa kila kinachonunuliwa. Sheria ya Ushindani, namba 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa au huduma. Lakini asiye na risiti wala maandishi hubaki na maneno matupu. Kwenye mfuko wa saruji tazameni alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania na uzito wa kilo 50. Mkitilia shaka uzito au ujazo, Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu hilo.

Kuhusu majira, chimbeni na kushindilia mvua zinapokwisha, kuanzia Mei, na agizeni vitofali mapema ili vikomae. Anayesubiri hadi Novemba, wingu likiwa limeshatanda, huuziwa vitofali vibichi na kushindiliwa juu ya tope.

Ndugu zetu, fedha ya kahawa haipatikani kwa wepesi, na uwanja uliojengwa kwa utaratibu huu utakanyagwa na wajukuu. Kabla kitofali cha kwanza hakijalazwa, ombeni fundi asimame kidogo, mkague moramu na mwinamo pamoja naye, ndipo kazi iendelee.